Bomba la PVC, tyubu ya karatasi au boksi la pembetatu: kipi kinafaa kusafirishia fimbo ya kuvulia?

Hukumu kwanza, maelezo baadaye. Kwa fimbo ya kuvulia ya kipande kimoja, urefu wa mita 2.1 hivi, kifungashio kinachostahili pesa yako ni bomba la PVC la milimita 75, lenye kifuniko cha gundi upande mmoja na cha kusokota upande wa pili, kisha bomba zima livalishwe boksi jembamba la kadibodi. Tyubu ya karatasi ngumu inashika nafasi ya pili, tena kwa fimbo za vipande viwili tu. Boksi la pembetatu, linalopendwa sana na wauzaji wa mtandaoni, linashika mkia. Kesi ya plastiki ya kurefusha na kufupisha inamfaa anayeibeba mwenyewe. Ukiikabidhi kwa msafirishaji unacheza kamari.

Vyote vimepimwa kwa maswali mawili. Je, fimbo itafika nzima? Na isipofika nzima, je, dai la fidia litasimama? Wengi hulikumbuka swali la pili mzigo ukishavunjika, na kufikia hapo kifungashio kimeshatoa jibu.

Kinachovunja fimbo njiani

Fimbo ya kaboni ina nguvu za ajabu ikipinda, lakini ubavuni ni ganda la yai. Nyuzi zake nyingi zimelala kwa urefu, na kadiri unavyokaribia ncha ndivyo mrija wenyewe unavyozidi kuwa mwembamba. Ndiyo maana fimbo inayomtoa samaki mzito majini hupasuka kwa kukandamizwa na kona ya boksi la mwenzake. Uangalie mvunjiko kwa karibu, utakuambia kilichotokea: fimbo iliyobanwa huwa bapa na huchanika kwa urefu, kama muwa uliokanyagwa, iliyopindishwa kupita kiasi hukatika sehemu moja, nyuzi zikachomoza kama ufagio. Piga picha ya mvunjiko huo kabla hujagusa kitu kingine. Msafirishaji akisema fimbo ilivunjwa na mvuvi, picha hiyo ndiyo shahidi wako.

Adui wa pili ni fimbo yenyewe, ikiteleza ndani. Kifurushi kirefu mara nyingi huanguka kwa kichwa, au husimamishwa wima kwa kishindo. Fimbo ya gramu 130 haionekani kuwa na uzito wa kudhuru, ila mshindo wote unaishia kwenye ncha nyembamba kuliko kalamu na pete yake ya mwisho (pete ni vile viduara vinavyopitishia uzi wa kuvulia). Ncha hutoboa sponji laini, ikatoboa kifuniko cha plastiki, ikachungulia nje sentimita mbili. Kifurushi kinachofuata kwenye mkanda kinaimalizia. Au haitoboi kitu: inapigwa na kifuniko kwa ndani, nawe unapokea tyubu isiyo na mkwaruzo yenye fimbo iliyokatika. Hali hiyo ya pili ndiyo mbaya zaidi kwenye dai, kwa sababu nje hakuna alama ya kuonyesha.

Wa tatu hauonekani kabisa. Ni riili (kifaa cha kukunjia uzi), risasi ya kuzamishia ndoana au kisu kilichotiwa kwenye tyubu ileile "ili kubana nafasi". Kila mtikisiko unagonga mrija, na kila mgongano unaweza kuacha ufa ndani ya kaboni. Fimbo inapita ukaguzi wa macho, halafu inakatika wiki kadhaa baadaye kwa samaki mdogo, muda wa kudai ukiwa umeshapita. Riili isafiri kwenye boksi lake.

Bomba la PVC

Hili ni lile bomba la maji taka la mafundi bomba. Lenye kipenyo cha nje cha milimita 75 na ukuta wa milimita 3 lina uzito wa karibu kilo moja kwa mita. La milimita 110 lenye ukuta wa 3.2 linakaribia kilo 1.5. Mtu mzima akilikanyaga katikati, linanesa kidogo na kurudi. Hakuna kifungashio kingine cha bei hiyo kinachoweza hivyo.

La 75 lina nafasi ya milimita 69 ndani. Hiyo inatosha fimbo za pete ndogo. Fimbo za riili kubwa ya baharini, ambazo pete yake ya kwanza imesimama mbali na mrija, zinahitaji la 110. Usiisukume pete kwa nguvu ipite: mguu wake ukipinda, kauri ya ndani huachia, na hilo utakuwa umelifanya wewe.

Vifuniko ndipo watu wengi wanapoharibu. Ukigundisha pande zote mbili, mtu wa forodha akitaka kuona ndani atakata bomba kwa msumeno, na msumeno haujui fimbo inaanzia wapi. Gundisha upande wa kitako tu. Upande wa ncha uweke kifuniko cha kusokota, kile kinachowekwa kwenye tundu la kuzibulia bomba, kisha kishike kwa selotepu pana mizunguko miwili. Vifuniko laini vya kuchomeka, vile vinavyouzwa pamoja na tyubu za michoro, usivitumie hata kwa majaribio.

Kasoro zake ni mbili. PVC hupoteza ustahimilivu kwenye baridi kali. Likigongwa linaweza kupasuka vipande badala ya kunesa, kwa hiyo mzigo unaopita nchi zenye majira ya barafu uwe na ukuta mnene. Pili, linaviringika. Kwenye mikanda ya kupangia mizigo kitu cha mviringo hutoka njiani, na wasafirishaji wanalijua hilo: UPS, kwa mfano, hutoza ada ya ziada kwa kifurushi cha mviringo kisichofunikwa kikamilifu na kadibodi. Boksi la nje la kadibodi ya tabaka tano linamaliza tatizo hilo, linatoa uso bapa wa kubandika lebo isomwe na mashine, na lina faida nyingine tutakayoifikia kwenye dai: kadibodi huhifadhi alama ya kila kipigo, PVC haihifadhi.

Tyubu ya karatasi

Iwe na ukuta usiopungua milimita 5. Ya milimita 2 au 3 ni ya mabango na ramani. Tyubu nene ni nyepesi kuliko PVC na haivunjiki kwa baridi, lakini ikilowa imekwisha: tabaka zake huachana, na sehemu iliyolowa hupinda kama ndizi. Kwa fimbo ya vipande viwili, ambapo kifurushi kinabaki mita 1.1 hadi 1.2, inafanya kazi nzuri ikiwa umeivisha nailoni kwanza. Kwa mita 2 na zaidi, hapana. Urefu ukiongezeka, mzigo uleule unaodondokea katikati unaupinda mrija zaidi.

Boksi la pembetatu

Halina la kusifiwa zaidi ya kwamba haliviringiki na hukunjwa bapa stoo. Kingo zake tatu ndizo zinazobeba mzigo wote. Ukingo mmoja ukibonyea, boksi linafunga kama kitabu na fimbo inakuwa katikati ya kurasa. Tena watumaji hulijaza plastiki ya viputo na kuamini kazi imekwisha. Viputo huzuia mikwaruzo, havizuii kubanwa.

Kesi ya kurefusha

Ganda lake ni imara kweli. Udhaifu uko kwenye kufuli la katikati, pini au kitufe kinachoshika vipande viwili visiingiane. Ikidondoka kwa kichwa na pini ikaachia, kesi inajifupisha, na kinachozuia isifupike zaidi ni fimbo yako. Ukilazimika kuituma, weka ndani ufito wa mbao unaofika mwisho hadi mwisho, kesi iegemee mbao.

Kufunga, kwa mpangilio

Kagua pete kwa pamba kabla ya yote. Pitisha pamba ndani ya kila duara la kauri. Nyuzi zikinasa, kuna ufa tayari, na ni heri ujue sasa. Piga picha ya fimbo nzima ikiwa kando ya futi kamba, picha ya kila kiungio, na picha ya namba ya fimbo kama ipo.

Chukua ufito wa mbao wa milimita 20 kwa 20, ulionyooka, mrefu kuliko fimbo kwa sentimita 3 kila upande. Funga fimbo juu yake sehemu tano, ukiweka kipande cha sponji kati ya fimbo na mbao kila mahali. Usifunge juu ya pete wala juu ya nyuzi zinazoshikilia miguu ya pete. Mkazo uwe mkubwa kwenye mshikio, kisha upungue kadiri unavyoelekea nchani. Ncha yenyewe ishikwe tu isicheze. Sasa kifurushi kikianguka kwa kichwa, kinachogonga kifuniko ni mbao. Ufito huu ndio unaookoa fimbo nyingi kuliko kitu kingine chochote katika orodha hii, na ndio unaorukwa na karibu kila mtu.

Kila mwisho wa bomba weka sponji ngumu ya sentimita 4, ile inayorudi ukiibonyeza kwa kidole gumba. Ingiza fimbo, funga, tikisa. Ukisikia chochote, fungua upya.

Kipimo cha mwisho: egemeza ncha mbili za kifurushi juu ya matofali mawili na ukikandamize katikati kwa mikono miwili na uzito wa kifua. Hili halikubuniwa hovyo. Utaratibu wa maabara wa ISTA 3A, wa shirika la kimataifa linaloweka majaribio ya vifungashio, una kundi maalumu la vifurushi virefu, na moja ya majaribio yake ni kuegemeza kifurushi pande mbili na kukipiga katikati. Kisha kidondoshe kwa kichwa kutoka usawa wa kiuno, kila upande mara moja. Kama unaogopa kufanya hivyo, basi hujakifunga.

Stika ya "dhaifu, shika kwa uangalifu" ibandike ukipenda. Mkanda wa kupangia mizigo hausomi.

Nani abebe?

Kampuni za kurasi, yaani za kusafirisha vifurushi, za kimataifa hazitozi kwa uzito wa mizani pekee. Hesabu ni urefu mara upana mara kimo kwa sentimita, gawanya kwa 5,000. DHL Express na UPS hutumia kigawanyo hicho, ilhali mizigo ya kawaida ya anga hutumia 6,000. Kinachozidi kati ya uzito wa ujazo na wa mizani ndicho unacholipia. Bomba la 75 ndani ya boksi la 225 × 9 × 9 linatoa kilo 3.6 za ujazo. La 110 ndani ya boksi la 225 × 13 × 13 linatoa 7.6. Sentimita nne za upana zimezidisha hesabu maradufu, na fimbo ni ileile. Usinunue bomba kubwa "kwa usalama" kama pete hazilihitaji.

Halafu kuna ukomo wa vipimo. UPS huishia sentimita 274 kwa urefu, na 400 au 419, kutegemea nchi, kwa urefu ukijumlisha mzingo, yaani upana mara mbili na kimo mara mbili. Boksi letu la 225 × 9 × 9 lina 261, linapita. Posta ni nafuu, lakini nyingi huishia mita 1.5 kwa EMS, huduma yao ya haraka, kwa hiyo fimbo ya kipande kimoja inabaki nje ya mlango. Kwa fimbo ya vipande viwili, posta ni chaguo la kuheshimika. Kwenye fomu ya forodha andika wazi "fimbo ya kuvulia" na kifungu 9507.10 cha HS, mfumo wa kimataifa wa kuainisha bidhaa. "Vifaa vya michezo" ni maneno yanayoalika kufunguliwa.

Upondo wa kuruka, ule mti mrefu wa mwanariadha wa kurukia juu, haumo katika mjadala huu. Ukifika mita 4 au 5 hauingii kwenye mkanda wowote wa kurasi. Unakwenda kama shehena, ukiwa umefungwa na wenzake kwenye bomba moja refu lililoungwa na kuegemezwa mbao urefu wote. Kila upondo uvae kitambaa chake. Mkwaruzo mdogo wa chuma kwenye faibaglasi ndipo unapoanzia kukatika mrukaji akiwa hewani, kwa hiyo hapa mkwaruzo ni uharibifu kamili, na kwenye dai uuite hivyo. Ubao wa kuteleza mawimbini nao una lake: mapezi yang'olewe, kingo zivishwe sponji za mabomba ya maji ya moto, na ujue kwamba boksi la 195 × 60 × 15 ni kilo 35 za ujazo hata kama ubao ni mwepesi kiasi gani. Fimbo za gofu zinaokolewa na mti mmoja tu, mkongojo unaosimama ndani ya mfuko ukiwa mrefu kuliko fimbo ndefu zaidi, vichwa visibebe uzito.

Dai la fidia

Hapa ndipo kitu chepesi cha thamani kinapoonewa na sheria. Mzigo wa anga wa kimataifa chini ya Mkataba wa Montreal wa 1999 unalipwa kwa uzito. Tangu tarehe 28 Desemba 2024 ukomo ni SDR 26 kwa kilo, SDR ikiwa kipimo cha fedha cha Shirika la Fedha la Kimataifa. Kifurushi chetu cha kilo 3 za mizani kina haki ya hadi SDR 78, basi. Fimbo ingekuwa ya bei mara tano, hesabu ni hiyohiyo. Mizigo ya barabara chini ya mkataba wa CMR unaotumika Ulaya ina ukomo mdogo zaidi, SDR 8.33 kwa kilo.

Njia ya kutoka ni kutangaza thamani wakati wa kutuma na kulipa nyongeza, au kununua bima. Havifanani. Kutangaza thamani kunapandisha dari ya msafirishaji, ila bado anaweza kukwepa kwa kusema kifungashio kilikuwa kibovu. Bima ni mkataba wa pembeni wenye masharti yake, na mahali pa kusoma kwanza ni orodha ya visivyolipwa. Tafuta maneno "vitu vilivyotumika", "vinavyovunjika kwa urahisi" na "bila alama za nje". Bima yenye maneno hayo matatu ni karatasi. Na thamani ya forodha isitofautiane na thamani ya dai: ukiandika nusu ili kupunguza ushuru, utalipwa nusu, kama utalipwa.

Mzigo ukifika, kagua kabla ya kusaini. Andika kwenye hati ya kupokea kile unachokiona: "boksi limebonyea sentimita 80 kutoka upande wa lebo, kifuniko kimetoboka". Maneno kama "nimepokea bila kukagua" hayana uzito wowote. Piga picha pande zote za boksi likiwa bado limefungwa, lebo ikisomeka, kisha kila hatua ya kufungua. Boksi, sponji, ufito na selotepu visitupwe hata kimoja mpaka fedha iingie; mkaguzi akiomba kuona kifungashio na huna, faili linafungwa. Sasa unaona kwa nini boksi la kadibodi juu ya bomba: pale lilipobonyea panapaswa kulingana na pale fimbo ilipopasuka. Weka futi kamba kwenye picha zote mbili, umbali usomeke uleule.

Muda hausubiri. Mkataba wa Montreal unatoa siku 14 tangu kupokea kwa shehena iliyoharibika na siku 7 kwa begi la abiria, malalamiko yawe kwa maandishi. Kesi mahakamani ni ndani ya miaka 2. Taarifa ya kwanza itume siku ileile, hata kama ni mistari mitatu na picha mbili. Kwa kawaida mdai ni mtumaji, kwa kuwa ndiye mwenye mkataba na msafirishaji. Mnunuzi ampe muuzaji picha na boksi, muuzaji adai.

Faili kamili lina namba ya mzigo, ankara ya bei uliyolipa, picha za kabla na baada, maelezo ya kifungashio kwa vipimo (kipenyo, ukuta, unene wa sponji), na makadirio ya fundi. Ikivunjika ncha tu na mtengenezaji anauza kipande hicho, dai bei ya kipande, usafirishaji wake na kazi ya fundi. Kudai fimbo nzima hapo kunamfanya mkaguzi akutilie shaka kwenye mengine yote.

Jibu la kwanza mara nyingi ni "kifungashio hakikutosha". Usilijibu kwa hasira. Omba kwa maandishi waonyeshe ni kifungu gani cha mwongozo wao wa ufungashaji hakikutimizwa, kisha uambatanishe picha ya bomba, ufito na sponji kabla ya kufungwa. Mwenye boksi la pembetatu na viputo hana cha kuambatanisha.

Kwa anayesafiri na fimbo kama begi, ukomo ni SDR 1,519 kwa abiria kwa mizigo yake yote iliyokabidhiwa. Mhudumu akikupa lebo ya kusaini kwamba kitu ni dhaifu na shirika halitawajibika, soma imetajwa sababu gani. Ukiwa na bomba gumu, mwonyeshe lilivyofungwa na umwombe aandike hivyo au aiondoe. Na dai likilipwa kwa thamani yote, aliyelipa ana haki ya kuchukua mabaki. Uliza kabla ya kung'oa pete na kitako cha riili kwa ajili ya fimbo nyingine.